Kidole Kilangoni

Maabara ya Vipimo vya Mionzi
9 Februari

Babu, shikamoo.

Usishtuke kukuta barua ndani ya sanduku la kazi. Ndiyo mimi. Hii ni wiki yangu ya pili hapa maabara. Leo asubuhi nimepewa mzigo wa kwanza kuufungua peke yangu, nikakuta bahasha za kiwanda cha saruji, na juu ya kila bahasha mwandiko unaopanda kilima kama mbuzi. Nikajua tu. Mkuu wangu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia anayetupangusia huko kiwandani ni baba yake mama.

Pamba zako nimezipima zote. Hakuna kilichovuja. Lakini Babu, mbona nyeupe namna hii? Kwani unapangusa, au unapuliza busu kwa mbali? Mtu angedhani umezitoa kwenye pakiti, ukazitia kwenye bahasha, ukaenda zako kunywa chai.

Nakuandikia humu kwa sababu simu yako naijua, iko kabatini imezimwa isije ikachoka. Sanduku linarudi na dereva yule yule wa lori la mifuko, kwa hiyo ukitaka kunijibu, njia ni hiyo hiyo.

Msalimie Bibi.

Mjukuu wako,
mtu wa maabara (usicheke)


Kiwandani, stoo ya vipuri
16 Februari

Bi Mdogo, marahaba.

Kumbe umeajiriwa ili uje unitukane kwa maandishi! Nimemsomea Bibi yako barua yako mezani, akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Nimewaona. Wake zangu wawili mmeungana.

Sasa sikiliza, maana nyinyi mnaokaa na mashine huenda hili jambo hamjawahi kuliona kwa macho. Kiwandani kwetu kuna matangi manne ya saruji, marefu kama kiburi. Ubavuni mwa kila tangi pana sanduku la madini ya risasi, zito, huliinui hata ukiwa na hasira. Sisi tunaliita jicho. Ndani ya sanduku imefungiwa punje ya chuma, ndogo kama hindi, na ndani ya punje ndiyo iko hiyo mionzi yenu. Sanduku lina kilango. Kikifunguliwa, mionzi inapenya tangi hadi upande wa pili, na mashine inajua saruji imefika wapi bila mtu kupanda juu kuchungulia. Kila baada ya miezi mitatu mimi napewa pamba na spiriti, nipanguse sanduku, nikuletee wewe uone kama punje imepasuka ikamwaga unga wake. Kazi hiyo naifanya tangu ulipokuwa unanitapikia begani.

Halafu naambiwa nyeupe! Mkuu wetu wa usalama, tunamwita Bwana Kofia kwa sababu nadhani hata kitandani helmeti haivui, alinifundisha hivi: funga kilango, piga kufuli, pangusa maungio ya nje, ondoka upesi. Nimefunga, nimepangusa, nimeondoka. Sasa nje ya sanduku utakuta nini, na vumbi lake nalifuta mwenyewe kila mara?

Unataka uchafu, sivyo? Subiri awamu ijayo. Utaletewa uchafu mpaka uombe radhi.

Babu yako,
kijana bado


Stoo ya vipuri
14 Mei

Bi Mdogo,

Fungua bahasha ukiwa umekaa. Tangi la tatu peke yake limetoa grisi ya kutosha kupaka mnyororo wa baiskeli. Nyeusi zote. Nyeusi ti. Mwonyeshe na huyo Mkuu wako.

Humo ndani ipo pia kadi yangu ya kifuani, ile ya kuonyesha mwili umekula mionzi kiasi gani. Nayo ipime. Nangoja kuombwa radhi, na iwe kwa mwandiko mzuri.

Babu yako,
asiyepuliza busu kwa mbali


Maabara
20 Mei

Babu, shikamoo.

Naomba radhi. Mwandiko ndiyo huu, mzuri kuliko huu sina.

Hakuna kilichovuja safari hii pia. Kadi yako nayo haina kitu cha kutisha. Mkuu amesema laiti wateja wetu wote wangekuwa na kadi safi kama ya mzee huyu. Nimetembea nimenyoosha shingo siku nzima.

Ila nina swali. Hii grisi inatoka wapi? Nimetazama picha za masanduku yenu, nje hakuna mahali pa kupaka grisi. Halafu pamba ikiwa chafu kupita kiasi inaisumbua mashine yetu. Sihitaji nyingi, Babu. Kidogo cha kwenye maungio kinatosha kabisa.

Bibi hajambo? Na wewe?

Mjukuu wako


Stoo ya vipuri
28 Mei

Bi Mdogo, marahaba.

Mtu anaomba radhi, kisha hapo hapo anauliza maswali! Hiyo si radhi, ni upelelezi. Zikija nyeupe nimelala, zikija nyeusi nimezidisha. Wewe ungeolewa na mtu mwingine angekimbia.

Grisi inatoka inakotoka. Siri ya fundi haiandikwi. Nakudokezea moja tu, upate la kujivunia kwa wenzako: siku hizi mumeo nikipangusa navua koti kabisa, nakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, naingia kazini kama bondia. Fundi Chuma, yule mama anayechomelea mabomba, alinipita akasema, "Mzee, leo unapigana na nani?" Nikamwambia, "Na mjukuu wangu." Hakuelewa, akaenda zake.

Bibi yako hajambo. Mimi ndiyo kabisa.

Babu yako


Nyumbani
19 Agosti

Mke mwenzangu,

Barua hii nimempa dereva mkononi. Haimo kwenye sanduku, na Babu yako hajui. Asijue.

Mumeo ana vidole vibovu. Mkono wa kulia, cha shahada na kile kirefu. Vilianza kwa wekundu, mwezi wa sita, nikadhani ni chai ya moto. Vikapoa. Juzi amerudi kupangusa hayo madude yake, wekundu umerudi, na sasa ngozi ya nchani inatoka kama ya kitunguu. Ukimuuliza anasema saruji. Mimi nimefua nguo za saruji tangu niolewe. Saruji inakausha mkono mzima, haibagui vidole viwili.

Vifungo vya shati hawezi. Anasema shati limerudi kwa kufuliwa, kana kwamba shati likirudi ndiyo vifungo vinakuwa vigumu. Jana kaniletea chungwa nimmenyee, eti mapenzi yamerudi ujanani. Nikammenyea. Nikamwona anavyolishika, kwa kiganja, kama mtoto anayejifunza kula.

Wewe ndiye unayejua mambo haya. Niambie kama nilie au nimpige.

Bibi yako


Maabara
22 Agosti

Babu, shikamoo.

Leo sina utani.

Pamba zako za awamu hii zimefika, nyeusi kama zile za Mei. Grisi hii nimemwonyesha mwenzangu anayetengeneza masanduku kama yenu yakiharibika. Kaigusa, kainusa, akasema hii ni ya bawaba ya kilango, iko kwa ndani, na mkono hauifikii mpaka kilango kiwe wazi.

Nakuuliza kama mtu wa maabara, si kama mjukuu. Unafungua kilango?

Na vidole vyako vya mkono wa kulia vina nini?

Nimejuaje, usiniulize. Nijibu ndiyo au hapana, na barua umpe dereva leo leo.

Mjukuu wako


Stoo ya vipuri
27 Agosti

Bi Mdogo, marahaba.

Aliyekwambia namjua, ananimenyea machungwa. Nitakabana naye mwenyewe.

Jibu ni ndiyo. Na sioni haya hata kidogo, kwa hiyo shusha sauti unisikilize.

Uliponiambia pamba nyeupe, nilikaa nikawaza. Nikasema huyu mtoto ana haki. Mimi miaka yote napangusa mfuniko wa sufuria halafu natangaza kwamba chini hakujaungua. Hiyo ni kazi? Kama punje imepasuka, si imepasuka ndani? Basi ufunguo wa kufuli ninao mimi, Bwana Kofia ananiamini kuliko anavyomwamini shemeji yake. Nikafungua kufuli. Koti likawa linanasa kwenye mpini, nikalivua, nikalitundika msumarini pale stoo. Nikafungua kilango kwa mkono wa kushoto, nikachungulia kwanza nione njia, nikaingiza pamba kwa kidole mpaka kikagonga kile kibati kilicho mbele ya punje. Nikapangusa taratibu, huku na huku, kama mtu anayeosha sikio la mtoto. Sikusikia moto. Sikusikia chochote, hata mwasho. Matangi yote manne nimefanya hivyo, Mei na Agosti.

Ngozi ya vidole ni mali yangu, imetoka, nyingine inaota. Ulitaka kazi ya kweli, umeletewa kazi ya kweli. Darasa la nne mimi nilitokea dirishani, lakini kudanganya kazini sikufundishwa hata na huko nilikotokea.

Haya, niambie nimekosea wapi.

Babu yako


Maabara
29 Agosti

Babu,

Umekosea kwa kunisikiliza mimi. Ngoja nikueleze polepole, na Bibi naye asome.

Punje ikipasuka, unga wake haukai ndani ukisubiri mtu. Kilango kinatikisika, tangi linatikisika, unga unajipenyeza mpaka kwenye maungio ya nje. Pale ndipo tunapouvizia. Pamba moja kutoka kwenye maungio, kilango kikiwa kimefungwa, mashine yetu inauona unga hata uwe mdogo kiasi ambacho jicho haliwezi. Kwa hiyo pamba yako nyeupe ya Februari ilikuwa imeniambia kila kitu. Bwana Kofia alikufundisha sawasawa. Wewe ulifanya sawasawa. Mimi ndiye niliyetania kitu nisichokuwa na haki ya kukitania.

Kilango kikiwa wazi, Babu, mionzi inatoka pale kama maji kwenye mpira wa bustani. Ukisimama kando hayakulowanishi. Wewe ulikwenda ukaziba mdomo wa mpira kwa kidole. Na ulipochungulia, uliyakinga kwa uso. Huwezi kusikia moto kwa sababu mionzi haina moto. Ngozi inajua baadaye, wiki mbili, tatu. Wekundu wako wa mwezi wa sita ni wa Mei. Huu wa sasa umewahi kwa sababu umeangukia mahali palipokwisha kuumia, na siwezi kukuahidi kwamba umekwisha kutoka wote.

Kadi yako nayo ilikuwa safi kwa sababu ilikuwa kifuani mwa koti, na koti lilikuwa msumarini stoo. Tuliusifu msumari.

Sasa yafuatayo si maombi. Ufunguo mpe Bwana Kofia ukimaliza kusoma mstari huu. Usisogelee sanduku lolote. Kesho nenda hospitali, mpe daktari barua hii asome mwenyewe, usimweleze wewe, maana utamchekesha atasahau kutazama vidole. Usivitie dawa yoyote ya nyumbani.

Na jambo la mwisho. Taarifa nimeiandika, imekwenda kwa Mkuu na kwa kiwanda chenu leo asubuhi. Sikuwa na ruhusa ya kunyamaza, na hata ningekuwa nayo nisingenyamaza. Nimeandika ulichofanya. Nimeandika pia kwamba Februari mimi, mfanyakazi wa maabara, nilimdhihaki mpangusaji kwa kuleta pamba safi, na kwamba baada ya hapo ndipo alipoanza kufungua. Maneno yangu ya busu nimeyanakili kama yalivyo.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nenda hospitali hivyo hivyo umenuna.

Mjukuu wako


Nyumbani
4 Septemba

Wewe,

Ufunguo nimenyang'anywa mbele ya watu. Fundi Chuma aliangalia pembeni, na huyo huwa haangalii pembeni. Nimepewa kiti kwenye mizani ya malori. Kazi yangu sasa ni kuyatazama malori yakipanda na kushuka. Malori yanajua kupanda na kushuka bila mimi.

Hospitali nimekwenda, nimenuna.

Talaka yako nimeiandika. Hii hapa. Moja.

Aliyekuwa mumeo


Kiwandani, kwenye mizani
18 Septemba

Kwa Mkuu wa Maabara ya Vipimo vya Mionzi,

Mheshimiwa, salamu.

Mimi ndiye yule mzee wa vidole. Hatujuani, ila nimesikia uliisifu kadi yangu. Hiyo ilikuwa sifa ya koti, nakurudishia.

Nimepata habari kwamba binti niliyekuwa nikimwandikia ameitwa kwenye kikao, na kwamba bado yuko kwenye miezi ya majaribio, na kwamba kuna mtu hapo kwenu amesema hafai. Sitaki kujua ni nani. Mwambie tu kwamba nimemwuliza kama yeye akitaniwa anaingiza kidole kwenye moto. Mimi nimetaniwa maisha yangu yote. Mama mkwe wangu aliniambia siku ya harusi kwamba sura yangu inafaa kulinda shamba la mahindi. Sikwenda kusimama shambani.

Kilango nilikifungua mimi. Nilijua kinatakiwa kufungwa, kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu, na rangi hiyo niliipaka mwenyewe. Binti hakuwa na ufunguo. Nilitaka kumwonyesha. Mtu wa umri wangu akitaka kumwonyesha mtoto, Mheshimiwa, hapana kibao kinachomzuia.

Yeye ndiye aliyeona. Nyinyi wengine wote mlitazama pamba zile zile za Mei mkasema hewala. Kama mnamfukuza aliyeona, mtabaki na nani?

Na tafadhali usimwambie nimeandika. Tumeachana.

Wako katika mizani,
Mzee wa vidole


Maabara
10 Oktoba

Babu, shikamoo.

Najua tumeachana. Nakuandikia kwa kazi.

Nimepewa onyo la maandishi na nimebakizwa. Mkuu alipata barua fulani ambayo hakuniambia imetoka kwa nani. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akatoka nje akakaa huko kidogo, na aliporudi macho yalikuwa na maji. Akaniuliza kama ni kweli kwamba sura yako inafaa kulinda shamba la mahindi. Nikasema ya mama yake Bibi tusiyaingilie.

Majibu ya daktari wenu nimeyasoma. Nimekaa na wenzangu tukapiga hesabu, kwa sanduku tupu na kidole cha mpira, kutafuta vidole vyako vilikula kiasi gani. Ngozi itafunga. Nakuandikia hivyo kwa uhakika kwa sababu daktari na sisi tumefika mahali pamoja. Lakini itakuwa nyembamba, na nchani kutakufa ganzi kidogo, na kuna mambo ambayo hujitokeza miaka mingi baadaye, kwa hiyo utakuwa ukienda kuonyesha mkono kila mara, maisha yako yote. Macho pia. Awamu moja zaidi ya kile ulichokuwa ukikifanya, nisingekuandikia barua ya namna hii.

Bwana Kofia na sisi tumeipanga kazi upya. Kufuli sasa zina funguo mbili, kwa watu wawili. Pamba inakaa kwenye ncha ya fimbo ndefu kuliko mkono. Kila kitu, bahasha, spiriti, kalamu, kinaandaliwa mezani mbali na tangi, ili anayekwenda asimame pale muda wa kupangusa tu na si muda wa kutafuta mfuniko wa chupa. Kwanza anajifunza kwa sanduku lisilo na punje mpaka mkono uzoee. Hakuna anayesimama karibu kumtazama. Kadi inabanwa kwenye shati, si koti, na kuna pete ya kupima kidoleni.

Sasa swali, na ndilo lililonifanya niandike. Daktari amesema mwaka ujao, mkono ukikaa vizuri, hakatai urudi kupangusa kwa utaratibu huu. Bwana Kofia amesema hakuna anayeyajua masanduku yale kama wewe na angependa. Mkuu wangu ameniuliza mimi naonaje. Nimemwambia sijui. Nimemwambia nitakuuliza mwenyewe.

Mjukuu wako,
kama bado ni mjukuu


Kiwandani
17 Novemba

Bi Mdogo, marahaba.

Ile talaka ina makosa ya kisheria. Haikuwa na shahidi, na mwandishi alikuwa na vidole viwili vilivyofungwa bandeji. Nimeonana na Bi Mkubwa, amesema hawezi kubaki peke yake na mimi, urudi.

Bwana Kofia aliniita ofisini wiki iliyopita. Helmeti iko kichwani, kama kawaida, na feni inazunguka juu yake. Akaniambia, "Mzee, mwakani tunakurudisha. Mikono tunayo mingi hapa, lakini ile ya kujua tangi la tatu linavyotetemeka hatuna."

Nilifurahi, nisikufiche. Miezi hii ya mizani imeniua. Dereva akiniuliza lori lake lina uzito gani namwambia asome mwenyewe, kwani mimi ni mama yake?

Nikamwomba anionyeshe kwanza hiyo fimbo. Tukatoka hadi kwenye karakana, pale wameweka lile sanduku tupu. Fundi Chuma ndiye anayefundishwa. Mwanamke yule nimemwona akibeba bomba begani huku anamgombeza mtu, lakini pale alishika fimbo kama analisha kifaranga. Akapangusa maungio, akarudi nyuma, akatia pamba kwenye bahasha. Kwisha. Sikuwa nimemaliza kusema "inama kidogo." Nikamwambia, "Hivyo tu?" Akanijibu, "Kumbe ulitaka nilale hapo, mzee?"

Kisha akanipa fimbo nijaribu. Sanduku tupu, halina hata punje. Mkono umenyooka vizuri, nikapangusa vizuri. Nilipomaliza, Bi Mdogo, nikauona mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye mpini wa kilango. Hakuna aliyeuona. Bwana Kofia alikuwa akirekebisha helmeti. Mimi niliuona. Ulikuwa umeushika mpini barabara, unataka kuuvuta, ili nione tu kama ndani nako ni safi.

Nikaweka fimbo chini nikasema hapana.

Bwana Kofia akadhani nadeka ili nibembelezwe. Akasema, "Mzee, kufuli zina funguo mbili sasa, huwezi kufungua hata ukitaka." Nikamwambia wewe hunijui. Mimi nikikaa na kitu muda mrefu nakipatia njia. Leo nitaheshimu kufuli, kesho nitamsifu yule mwenye ufunguo wa pili, keshokutwa atanipa nimshikie aende akaniletee chai. Sitafanya kwa ubaya. Nitafanya kwa kutaka kazi iwe safi, na huo ndio ubaya wangu. Mpe Fundi Chuma. Yule akiambiwa mwisho hapa, anaishia hapo, na anakwenda kula.

Akanitazama sana. Akanipa mkono. Wangu akaushika kwa upole, kama unatoka tanurini.

Basi leo ndiyo wamepangusa. Nilikaribishwa nikae nyuma ya mstari wanaposubiri wengine mbali na matangi, kama mzee wa kazi, niwe namwambia anayepangusa "rudi" muda ukiisha. Nikawaambia mstari una watu wa kutosha. Nikaenda kantini, nikaagiza chai, nikakaa kwenye benchi lililotazama ukuta. Kutoka pale matangi huyaoni, lakini sauti inafika. Nikamsikia Fundi Chuma akisema, "Tangi la kwanza tayari." Nikasikia wamecheka, sijui wamecheka nini, na ndicho kilichoniuma zaidi, maana kicheko cha kwenye matangi huwa ni changu. Walipofika la tatu kukawa kimya. Kimya kile nakijua. Pale sanduku limekaa upande, anayepangusa lazima ajue ainame wapi.

Mguu wa kulia ukanyanyuka. Nikaukalisha. Ukanyanyuka tena, nikaukalisha tena. Yule binti wa kantini akaniuliza, "Babu, unatafuta choo?"

Nikamwambia hapana, nipo kazini.

"Tangi la tatu tayari," Fundi Chuma akasema kule.

Chai ilikuwa imepoa. Nikainywa.

Babu yako,
kantini, mbali